Valletta kwa miguu: maswali mnayoniulizaga kila mkitaka kwenda Malta

Nilikaa Malta miaka mitatu nikisoma, na tangu nirudi kila ndugu, rafiki na rafiki wa rafiki anayepanga safari ananitumia voisi ya dakika nne yenye maswali yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika hapa yote nipumzike. Mi si wakala wa utalii, ni mtu wa Tanga tu niliyeupenda ule mji, kwa hiyo nitawaambia nilivyoona.

Valletta ndo nini hasa, nchi au mji?

Mji mkuu wa Malta, ile nchi ya visiwa iliyo katikati ya bahari ya Mediterania, chini kidogo ya Sicily, kisiwa cha Italia. Ni mdogo kiasi kwamba ukiambiwa hauamini, eneo lake halifiki hata kilomita moja ya mraba na wakazi hawafiki elfu saba, ndo mji mkuu mdogo kuliko yote ya Umoja wa Ulaya. Ukiingia getini ukanyoosha mtaa mkubwa, Triq ir-Repubblika, mpaka ngome ya St Elmo kule mwisho baharini, kwa mwendo wa kawaida ni dakika ishirini na hapo umesimama kununua maji.

Wamalta wenyewe wakiongea hawasemi Valletta, wanasema il-Belt, yaani "mji" tu. Kama mtu wa Unguja anavyosema "naenda mjini", hakuna atakayemuuliza mji gani.

Kuna mtu kaniambia Kimalta na Kiswahili vinafanana, ni kweli au uzushi?

Hili swali nalipenda kuliko yote. Undugu hamna, Kiswahili ni Kibantu na Kimalta kimetokana na Kiarabu kilichokuwa kinasemwa Sicily zamani, kikaja kubeba maneno mengi ya Kiitaliano na siku hizi kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Ila sisi na wao tumekopa duka moja, na ndo maana ukishajua kusoma herufi zao unaanza kucheka mwenyewe kwenye basi. X inasomwa "sh", ġ ni "j", ħ ni "h" nzito, għ mara nyingi haisikiki kabisa, na q ni kama kukata pumzi kooni.

Sasa sikiliza: sita ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Ishirini ni għoxrin, thelathini tletin, arobaini erbgħin, hamsini ħamsin, na endelea hivyohivyo mpaka tisini ambayo ni disgħin, mia ni mija na elfu ni elf. Ishirini na tano wanasema ħamsa u għoxrin, na kama ulilelewa na bibi wa pwani utakumbuka wazee walivyokuwa wakihesabu "hamsa wa ishirini". Dunia ni dinja, bahari baħar, kitabu ktieb, shetani xitan, Alhamisi ni il-Ħamis na Ijumaa ni il-Ġimgħa.

Lakini kilichonimaliza mimi ni kanisani. Nchi ni ya Kikatoliki hasa, halafu kanisa wanaliita knisja, kasisi ni qassis, askofu ni isqof na Mungu ni Alla. Kwaresma inaitwa Randan na Pasaka inaitwa l-Għid. Yaani Ramadhani na Idi, ila ziko parokiani! Mara ya kwanza bibi mwenye nyumba wangu kuniambia hali nyama mpaka Randan iishe nilidhani ananitania kwa sababu mimi Muislamu.

Ukimwambia mtu wa makamo wa pale "mija, elf" halafu ukamwambia hayo ni maneno ya kwenu pia, umeshapata rafiki na huenda umepata kahawa ya bure.

Kiingereza kinatosha?

Kinatosha sana. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, wametawaliwa na Waingereza mpaka 21 Septemba 1964. Kutokana na ukoloni huohuo utajisikia nyumbani kwenye vitu vingine viwili: magari yanaendeshwa kushoto kama kwetu, na soketi za umeme ni za pini tatu zilezile za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo chaja yako inaingia bila adapta. Wenzako wanaotoka Ujerumani na Italia ndo wanaohangaika madukani.

Nahitaji visa?

Kama una pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo, ndiyo, visa ya Schengen, ile visa moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Malta iko Schengen tangu mwisho wa 2007. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 mpaka 11 nusu yake, chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari lazima iwe inafunika angalau euro 30,000. Maombi unaweza kupeleka miezi sita kabla na yasiwe chini ya siku 15 kabla, na ushauri wangu usisubiri hizo siku 15, utaumia.

Kitu kinachochanganya watu ni kwamba Malta haina ubalozi kila mahali, kwa hiyo kabla hujalipa mtu yeyote chochote ingia tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje uangalie maombi ya nchi yako yanapokelewa wapi. Binamu yangu alimlipa dalali aliyedai anajua mtu, hakujua mtu yeyote.

Walioko Ulaya tayari: ukiwa na kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen, pasipoti na hicho kibali vinatosha kutembea mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Mlioko Uingereza kibali chenu hakisaidii, visa inabidi.

Nafikaje mjini kutoka uwanja wa ndege?

Uwanja ni mmoja tu, uko Luqa, kilomita chache. Kuna basi la umma linakuja moja kwa moja mpaka stendi kuu nje ya geti la Valletta, nauli ni kati ya euro 2 na 3 kutegemea msimu, na tiketi hiyohiyo inakuruhusu kubadilisha mabasi ndani ya masaa mawili. Wakazi wenye kadi zao wanapanda bure tangu Oktoba 2022, ndo maana utawaona wanagusa kadi tu na kupita huku wewe unahesabu sarafu. Teksi za kwenye apu kama Bolt zipo, chukua kama una mizigo au umefika usiku sana.

Kutoka Dar au Nairobi ndege ya moja kwa moja hamna, wengi tunapitia Istanbul au Dubai.

Siku ngapi zinatosha?

Mji wenyewe siku mbili kamili. Watu wanakwambia nusu siku, hao ni wale wanaoshuka kwenye meli kubwa za kitalii saa tatu asubuhi na saa tisa wanapiga honi kuwaita. Siku mbili za Valletta, siku moja ya ile miji mitatu ya ng'ambo ya bandari, siku moja ya Mdina, mji mkuu wa zamani, na kama una ya tano nenda kisiwa cha Gozo.

Nianzie wapi?

Anza nje, kabla ya geti, kwenye chemchemi ya Triton, wale majitu watatu wa shaba wamebeba sahani kubwa, hapo ndo stendi ya mabasi. Vuka daraja, na angalia chini pembeni, ule mtaro mkavu umechimbwa kwenye mwamba kwa mikono. Geti lenyewe na bunge unaloliona kulia vimechorwa na Renzo Piano, Muitaliano, vikaisha karibu 2015, na kuna wazee mpaka kesho hawajamsamehe. Bunge limevaa mawe yaliyochongwa matundu matundu, wengine wanasema ni kama sega la asali, wengine kama jibini. Mimi nalipenda, hasa jioni jua likiligonga.

Pembeni ya bunge utaona nguzo za mawe zimesimama peke yake bila paa. Hiyo ilikuwa nyumba ya opera, ikapigwa bomu Aprili 1942. Walibishana miaka mingi waijenge tena au la, mwisho wakaweka viti na jukwaa palepale kwenye magofu na sasa ni ukumbi wa wazi. Nimesikiliza bendi pale usiku wa Julai, unaangalia juu nyota, pembeni nguzo zilizokatika, uzuri wake siwezi kuuelezea.

Kwa nini mitaa imenyooka hivyo, nilidhani miji ya zamani Ulaya imepinda pinda?

Kwa sababu huu haukukua wenyewe, ulichorwa kwenye karatasi kwanza. Mwaka 1565 Waosmani, yaani Waturuki, waliizingira Malta, kuanzia Mei mpaka Septemba, na kisiwa kilikuwa chini ya wale wapiganaji watawa wa Mtakatifu Yohane. Ngome ya St Elmo ilianguka tarehe 23 Juni baada ya karibu mwezi mzima wa mizinga, lakini upande wa pili wa bandari ulishikilia mpaka Waosmani wakaondoka. Mkuu wa wapiganaji, Jean de Valette, akasema kile kilima kitupu ambacho adui aliweka mizinga yake kisiachwe tena, na tarehe 28 Machi 1566 akaweka jiwe la kwanza. Jina la mji ndo jina lake. Mchoro ulikuwa wa Francesco Laparelli, mhandisi aliyetumwa na Papa, na majengo mengi makubwa akaja kuyamalizia Mmalta Girolamo Cassar. Wakapiga mistari iliyonyooka juu ya kilima ili upepo wa bahari upite, kwa hiyo mtaa unapanda, unashuka, unapanda, na kwenye mwinuko mkali unageuka ngazi.

Mtu wa Mombasa akitembea chini ya kuta zile atasema mbona nimeshaziona. Ndiyo, Fort Jesus ilijengwa 1593 mpaka 1596 na mchoraji wake, Cairati, alikuwa Muitaliano pia, enzi ileile ambayo Waitaliano ndo walikuwa mafundi wa ngome za pembe pembe za kuzuia mizinga. Tofauti ni kwamba Mombasa ni ngome moja, hapa mji mzima uko ndani ya ngome.

Na roshani za mbao zilizofungwa, zile za kijani, nyekundu na bluu zinazoning'inia juu ya mtaa, wanaziita gallarija. Mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa kazi yake, unaona wa chini na wa chini hakuoni.

Kuna kitu kimoja ambacho nikikikosa nimepoteza nauli?

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Nje liko kama ghala la jeshi, ukuta mtupu, unaweza kupita ukadhani ni ofisi. Limejengwa 1572 mpaka 1577. Ukiingia ndani unasimama tu mdomo wazi, kila sentimita dhahabu na nakshi, dari lote limechorwa na Mattia Preti, na sakafu ni makaburi ya marumaru karibu 400 ya wale wapiganaji, kila moja na rangi zake, mafuvu na mifupa imechorwa kukukumbusha na wewe unaelekea hukohuko. Kwa sababu ya hiyo sakafu ukivaa viatu vya visigino vyembamba hawakuingizi, na mabega na mapaja yafunikwe. Jumapili halipokei watalii, ni ibada tu. Kiingilio ni kama euro 15 pamoja na kile kifaa cha sikioni cha maelezo, ni hela, ila lipa.

Halafu ingia chumba cha pembeni. Humo kuna mchoro wa Caravaggio wa Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa, wa 1608, upana wake unazidi mita tano, ndo mkubwa kuliko yote aliyochora na ndo pekee aliousaini, na saini yenyewe ameiandika kwenye damu inayomwagika shingoni. Jamaa alikuwa ameua mtu Roma 1606, akakimbia, akafika Malta akapewa cheo cha upiganaji Julai 1608, miezi haijapita akapigana tena, akafungwa ngome ya St Angelo ng'ambo ya bandari, akatoroka. Desemba wakamvua cheo bila yeye kuwepo, na kikao cha kumfukuza walikifanyia kwenye chumba hichohicho, mbele ya mchoro wake, wakisema ni kiungo kilichooza. Simama hapo dakika kumi, usipige picha tu ukatoka.

Ule mzinga unapigwa saa ngapi?

Saa sita mchana na saa kumi jioni, kutoka uwanja wa mizinga chini ya bustani ya Upper Barrakka. Zamani ilikuwa ni kuwapa mabaharia saa. Watu wanalipa kushuka pale chini karibu na mizinga, lakini ukisimama bustanini juu, bure, unaona kila kitu na bandari yote iko mbele yako. Fika robo saa kabla maana ukingo unajaa. Na kama una mtoto mdogo mzibe masikio, mlio wake si wa mchezo.

Kwa wale wa nyumbani mtakaopiga simu: saa za kule ziko nyuma ya zetu saa moja kiangazi na saa mbili majira ya baridi.

Mama yangu ana magoti, ataweza?

Swali zuri na wengi hawaulizi mpaka wamefika. Mitaa miwili mikubwa ya juu, Repubblika na ile ya Wafanyabiashara inayoenda sambamba nayo, haina shida, imetandazwa vizuri na mingi yake haipitishi magari. Shida ni mitaa inayokata kushuka baharini, hiyo ni ngazi, na mawe yake yamelainika kwa miaka mia nne, mvua ikinyesha ni sabuni. Kutoka bandarini kupanda juu kuna lifti ya Barrakka, mita 58, ilifunguliwa 2012, ukilipa euro moja hivi unatokea bustanini kabisa. Mpangie mama hivi: mitaa ya juu kwa miguu, kushuka na kupanda bandarini kwa lifti, na kahawa katikati.

Boti zinaenda wapi?

Upande wa Bandari Kuu kuna feri ya kwenda ile miji mitatu, Birgu, Isla na Bormla, na upande wa pili kuna feri ya Sliema ambayo haimalizi hata dakika kumi. Ila mimi ningekwambia uvuke Birgu kwa dgħajsa, tamka "daisa", ni kiboti cha mbao cha rangi rangi kilichochongoka mbele na nyuma, siku hizi kina injini, nauli euro chache tu. Unakaa karibu na maji kabisa na ule mji unakuinukia kama ukuta mmoja wa asali. Kama umewahi kuvuka Kigamboni jua linazama, zidisha mara mbili.

Birgu ndo kuna hiyo St Angelo aliyotoroka Caravaggio, na vichochoro vyake vimepinda pinda vizuri, maua mlangoni, hakuna fujo.

Chakula? Na bei?

Anza na pastizzi. Ni kama sambusa iliyosomea, unga wa tabaka tabaka unaovunjika vunjika, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa, unauziwa dirishani kwenye karatasi na bei yake ni karibu na bure ukilinganisha na vyote utakavyokula huko. Kula za moto tu. Imqaret ni keki bapa zilizojazwa tende halafu zinakaangwa, zina harufu fulani ya anisi, na mtu wa pwani akila moja atataka kahawa chungu papo hapo. Ftira ni mkate wa duara wenye tuna, nyanya, zeituni na mafuta, ndo lanchi yangu ya miaka mitatu.

Septemba na Oktoba ulizia lampuki, hiyo ni faulusi yetu, wanavua kwa kutandaza majani ya mitende yaelee baharini samaki waje kivulini chini yake. Chakula cha taifa ni sungura, fenek, wa kukaanga au kupikwa na mvinyo. Kinnie ni soda yao ya machungwa machungu na majani, glasi ya kwanza utasema dawa, ya tatu utaulizia inauzwa wapi.

Mikahawa ya kwenye uwanja mbele ya maktaba, unakaa chini ya sanamu ya Malkia Victoria, ni mizuri kwa macho ila unalipia kiti. Shuka mitaa miwili pembeni bei inashuka na wewe.

Maji ya bomba yanatokana kwa kiasi kikubwa na bahari iliyosafishwa, yanaruhusiwa kunywa ila ladha yake mimi ilinishinda. Ukinunua chupa kuna senti 10 juu ya bei, usiitupe, irudishe kwenye mashine ya dukani inakupa risiti ya hela yako.

Halali inapatikana? Na msikiti?

Ndani ya Valletta chagua samaki na mboga, ndo rahisi. Pastizzi uliza kwanza unga umepikwa na mafuta gani maana za asili zilitumia mafuta ya nguruwe. Migahawa ya Kituruki na Kiarabu iko zaidi Sliema, Msida na Gżira. Msikiti mkubwa uko Paola, basi moja tu kutoka stendi, jiwe lake la msingi liliwekwa na Gaddafi 1978. Ijumaa utakutana na Walibya, Wasomali, Wasudani, na mimi mara moja nilisikia mtu nyuma yangu anasema "sogea kidogo ndugu" nikageuka, kumbe Mkomoro aliyekulia Zanzibar.

Na kwa kuwa tumefika hapo: ule mji uzuri wake wote una jasho la watu wetu wa dini. Wale wapiganaji walikuwa wanakamata meli za Waislamu na waliokamatwa wakafanywa watumwa, makasia, ujenzi, kazi za majumbani. Mwaka 1749 watumwa hao walipanga kumuua mkuu wa wapiganaji na kuushika mji, njama ikavuja, wakauawa kwa mateso hadharani. Mtu aliyewahi kusimama soko la watumwa Mkunazini atajua ninasema nini. Waongozaji wengi hawaligusi mpaka uwaulize, kwa hiyo waulize.

Ni ile Melita ya Paulo kwenye Biblia?

Ndiyo, ndo yenyewe, Matendo sura ya 27 na 28, meli ikavunjika, nyoka akamng'ata mkono na asife. Valletta kuna kanisa la Ajali ya Meli ya Mtakatifu Paulo, liko kichochoroni usipite bila kuliona, wanatunza mfupa wanaosema ni wa kifundo cha mkono wake na kipande cha nguzo aliyokatiwa kichwa. Sikukuu yake ni 10 Februari, sanamu inabebwa mabegani mtaani, karatasi zinamwagwa kutoka roshanini mpaka barabara haionekani. Rafiki yangu Mlutheri wa Moshi alilia pale.

Mtu mweusi anapokelewaje?

Sitawadanganya. Kwa mtalii mara nyingi hamna tatizo, watu wa Valletta wana maneno mengi na ukarimu. Lakini ni kisiwa kilichopokea wakimbizi wengi kwa boti kutoka Libya, vijana wengi wa Kiafrika wanafanya kazi ngumu za ujenzi na usafi, na kuna watu wakikuona wanakuweka kwenye kapu lilelile kabla hujafungua mdomo. Kuna duka moja mlinzi alinifuata rafu hadi rafu, nikamgeukia nikamuuliza kwa Kimalta changu kibovu chumvi iko wapi, akaona aibu. Tembea na nakala ya pasipoti, basi. Kwa wizi na usiku, ni mji tulivu, mimi nilirudi saa nane za usiku kwa miguu mara nyingi.

Kuna ufukwe?

Valletta mchanga hamna. Kuna miamba chini ya kuta wenyeji wanakoogelea, unashuka kwa ngazi ya chuma na kina ni kirefu papo hapo, kama hujui kuogelea kaa juu ule pastizzi. Mchanga uko kaskazini, Mellieħa.

Mwezi gani mzuri?

Aprili mpaka Juni, halafu mwisho wa Septemba mpaka Novemba mwanzoni. Julai na Agosti joto linapita 30 na mawe yanarudisha joto usiku kucha, utasema bora Dar maana Dar kuna mti. Januari bei zinashuka sana lakini msidharau baridi yake: nje nyuzi 13 tu, ila nyumba za mawe hazina hita za maana, nililala na soksi mbili na kanzu.

Nikiwa na mvua ya kutwa nifanye nini?

Makumbusho ya Akiolojia, kuna sanamu ndogo ya udongo ya mwanamke amelala, ina miaka zaidi ya elfu nne na inaingia kiganjani. Ilitoka Ħal Saflieni, yale makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi kule Paola, na kama unayataka hayo kata tiketi wiki kadhaa kabla maana wanaingiza watu kumi tu kila zamu. Wapenzi wa vita waende makumbusho ya St Elmo, ipo ile nishani ya msalaba ambayo mfalme George VI aliipa Malta nzima Aprili 1942, bado iko kwenye bendera yao mpaka leo, na Lascaris, mahandaki ya amri ambako uvamizi wa Sicily wa 1943 ulisimamiwa.

Usiku je?

Strait Street, kichochoro chembamba ambacho mabaharia wa Kiingereza walikuwa wanakiita Utumbo, kilikuwa na sifa mbaya kweli, sasa kina baa za jazi na viti ngazini. Wanaotaka disko la kupasua masikio waende Paceville, mimi sikuaga mtu wa huko.

Nirudi na zawadi gani?

Vito vya fedha vya nyuzi nyuzi, hasa ule msalaba wa ncha nane, lesi za Gozo kwa mama, na asali. Ila asali weka kwenye begi kubwa la chini, usibebe mkononi, chupa yangu ya gramu mia tano ilibaki mezani kwenye ukaguzi na yule askari hata hakunionea huruma, alisema tu "grazzi", yaani asante.